Pumzi na Picha ya Moyo: Jinsi Mwendo wa Kupumua Unavyosahihishwa katika Picha za Haraka za MRI

Miongoni mwa viungo vyote vya mwili, moyo ndio usiotulia. Tangu mtoto angali tumboni mwa mama yake hadi siku ya mwisho haukomi kupiga. Na juu ya kupiga huko hubebwa na mwendo mwingine usio wake, nao ni mwendo wa kupumua. Mtu avutapo pumzi, kiwambo kitengacho kifua na tumbo hushuka, na moyo, ambao umekaa juu yake, hushuka pamoja naco. Ashushapo pumzi, vyote viwili hupanda. Kwa hiyo yeyote atakaye kuupiga picha moyo ulio hai hana budi kushindana na miendo miwili kwa wakati mmoja, mmoja wa haraka na mmoja wa polepole.

Makala haya yanaeleza jinsi wataalamu wa mashine za MRI walivyopambana na mwendo huo wa pili, na kwa nini jitihada ya kuzifanya picha ziwe za haraka zaidi imeufanya mwendo wa pumzi kuwa tatizo la namna mpya. Jambo hili ni la matabibu na wanafizikia, lakini halikosi kuwahusu watu wa lugha, kwa sababu mbili. Kwanza, njia inayotumika zaidi kuuzuia mwendo wa pumzi haitokani na sumaku wala umeme, bali ni amri ya maneno apewayo mgonjwa. Pili, njia mpya zimejengwa juu ya kanuni ambayo kila msomaji wa hati za kale anaijua: kwamba maandishi yaliyopungukiwa huweza kusomeka, mradi msomaji aijue lugha, na mradi kurasa zisiwe zimechanganyika.

Jinsi picha inavyopatikana

Mashine ya MRI haitumii miali ya eksirei. Msingi wake ni tabia ya viini vya atomu za haidrojeni, ambazo zimejaa katika maji na mafuta ya mwili. Viini hivyo viwekwapo ndani ya sumaku yenye nguvu, huwa kama pia za watoto zinazozunguka, kila kimoja kikiyumba kwa kasi inayolingana na nguvu ya sumaku. Tabia hii ilidhihirishwa mwaka 1946 na makundi mawili ya wanafizikia wa Marekani, moja la Felix Bloch katika Chuo Kikuu cha Stanford na jingine la Edward Purcell katika Chuo Kikuu cha Harvard. Nao wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Mwaka 1973 Paul Lauterbur, aliyekuwa mwalimu huko Stony Brook katika jimbo la New York, alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikifanywa izidi kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine, mahali pa kila kiini hujulikana kwa kasi ya kuyumba kwake. Huko Nottingham, Uingereza, Peter Mansfield aliikuza hesabu ya jambo hilo na kutafuta njia za kuliharakisha. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2003.

Mashine nyingi za hospitali zina sumaku ya tesla 1.5, nguvu inayozidi ile ya sumaku ya dunia zaidi ya mara 20,000. Katika nguvu hiyo viini vya haidrojeni huyumba karibu mara milioni 64 kwa sekunde. Mawimbi ya redio ya kadiri hiyo hiyo hutumwa mwilini. Viini huyapokea, kisha huyarudisha kama mwangwi, na mwangwi huo hunaswa na vipokezi vilivyolazwa juu ya kifua cha mgonjwa na chini ya mgongo wake.

Yafaa kusisitiza hapa kwamba mashine hii haipigi picha kama kamera, ambayo hupokea mwanga wote kwa mara moja. Yenyewe hujaza jedwali la hesabu, mstari baada ya mstari, na mstari mmoja huchukua kama sehemu 3 za elfu za sekunde. Jedwali likisha kujaa, hugeuzwa kuwa picha kwa hesabu iliyotokana na kazi ya Mfaransa Joseph Fourier, ambaye kitabu chake juu ya mwendo wa joto kilitoka mwaka 1822. Katika hesabu hiyo kila mstari wa jedwali una habari za picha nzima, na kila nukta ya picha imetokana na mistari yote.

Hapo ndipo uzito wa tatizo unapoonekana. Mtu akitikisa mkono mbele ya kamera, mkono ndio utakaovurugika, na uso utabaki safi. Lakini kiungo kikisogea wakati jedwali la MRI linajazwa, mistari ya mwanzo itaeleza kiungo kikiwa mahali pamoja na mistari ya mwisho itaeleza kiungo hicho hicho kikiwa mahali pengine. Ushahidi utapingana, na kosa litaenea katika picha yote. Kingo za moyo hufifia, na vivuli vya ukuta wa kifua hurudiarudia juu ya moyo kama mawimbi juu ya mchanga.

Miendo miwili na dawa zake za kwanza

Mwendo wa kupiga kwa moyo ulipatiwa dawa mapema, kwa kuwa una utaratibu. Umeme wa moyo hupimwa kwa waya zilizobandikwa kifuani, na kila pigo lina alama yake iliyo wazi. Mashine husubiri alama hiyo, kisha hukusanya mistari michache katika kila sehemu ya pigo, na pigo linalofuata huendelea pale ilipoachia. Kwa mfano, picha ihitajiyo mistari 144 ikikusanywa mistari 12 kwa kila pigo, itakamilika baada ya mapigo 12. Moyo upigao mara 72 kwa dakika humaliza mapigo hayo kwa sekunde 10.

Lakini katika sekunde hizo 10 mtu apumuaye mara 15 kwa dakika atakuwa amevuta na kushusha pumzi zaidi ya mara mbili. Katika kupumua kwa utulivu kiwambo hupanda na kushuka kama sentimita moja hadi mbili, ilhali mishipa inayoulisha moyo wenyewe ina upana wa milimita mbili hadi nne tu. Ni dhahiri kwamba mwendo huo ukiachwa huru, kitu chembamba kama hicho hakiwezi kuonekana. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa azuie pumzi.

Amri hii ni fupi, lakini si rahisi kama inavyodhaniwa. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili: kuvuta pumzi, kushusha pumzi, kutoa pumzi, kuzuia pumzi, kuziba pumzi. Kitenzi kupumua hakibagui kati ya kuingiza hewa na kuitoa; kwa hiyo kinafaa sana kumfungulia mgonjwa mwisho wa kipimo, lakini hakifai kumweka mahali maalumu. Na mtu aambiwapo tu "zuia pumzi", aghalabu hujaza kifua kwanza, kama afanyavyo mzamiaji, kisha hufunga. Kwa kazi ya picha hilo ni la pili kwa ubora, kwa sababu kiwango cha kujaza kifua hubadilika kutoka mara moja hadi nyingine. Mahali panaporudiwa kwa uaminifu zaidi ni mwisho wa kushusha pumzi, wakati misuli imelegea na kiwambo kimerudi kwenye kituo chake cha asili. Amri iliyo sahihi, basi, ni ya hatua tatu: "Vuta pumzi. Shusha pumzi. Usivute tena." Na kwa kuwa mashine hupiga kelele nyingi, na mgonjwa husikia kwa vidude vya masikioni, kila hatua haina budi kuwa fupi na kutofautiana na mwenziwe.

Ili kuupima moyo wote, hupigwa picha za vipande kama kumi vinavyofuatana kutoka juu hadi ncha, na mara nyingi kila kipande kina zuio lake la pumzi. Mgonjwa asiporudi mahali pale pale kila mara, kipande kimoja huweza kupigwa mara mbili na kingine kikarukwa. Na kiasi cha damu kinachosukumwa, ambacho tabibu atakitumia kuamua juu ya dawa au upasuaji, kitakuwa kimehesabiwa kwa makosa ijapokuwa kila picha peke yake yaonekana safi.

Tena kuna wale wasioweza kabisa. Mwenye moyo ulioshindwa kazi, ambaye mapafu yake yamejaa maji, hawezi kukaa sekunde 10 bila hewa. Mtoto mdogo haelewi. Kiziwi hasikii, na mgeni wa lugha hajui aambiwalo. Hivyo njia ya amri ina kasoro ya ajabu: huwafaa zaidi watu wenye afya, na kuwatupa wale ambao ugonjwa wao ndio uliowaleta hospitalini.

Kupima mwendo badala ya kuuzuia

Kwa ajili hiyo tangu miaka ya 1980 ilitafutwa njia ya kumwacha mgonjwa apumue. Njia ya kwanza ilikuwa mkanda wenye hewa uliofungwa tumboni, ambao hubanwa na kulegea kwa kadiri ya pumzi. Mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza walitoa njia ya kuupanga upya ukusanyaji wa mistari kwa kufuata mkanda huo, ili mistari iliyo jirani katika jedwali ikusanywe kifua kikiwa katika hali zinazokaribiana. Vivuli vilipungua, lakini ukungu wa kingo haukuondoka, kwani moyo bado ulikuwa ukisogea.

Mwaka 1989 Richard Ehman na Joel Felmlee wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza njia iliyokwenda mbali zaidi. Kabla ya kukusanya mistari ya picha, mashine hutuma kwanza mwangwi mmoja mfupi sana, unaopima mahali kilipo kiungo kinachosogea. Katika picha za moyo mwangwi huo huelekezwa aghalabu kwenye ukingo wa kiwambo cha upande wa kulia, mahali pafu linapopakana na ini, ambapo tofauti ya hewa na nyama ni wazi. Kiingereza kiliupa mwangwi huu jina la ubaharia, na jina hilo linastahili: unafanya kazi ya rubani atupaye bildi majini kabla chombo hakijasonga, ili ajue kina cha mahali pale kwa wakati ule.

Habari za bildi hiyo hutumika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuchagua: mistari hukubaliwa ikiwa kiwambo kimo katika nafasi ya milimita kama 5 karibu na mwisho wa kushusha pumzi, na ikiwa kimo nje ya nafasi hiyo, mistari hutupwa na kukusanywa tena. Njia hii huleta picha nzuri, lakini huharibu wakati mwingi. Mara nyingi hukubaliwa thuluthi moja hadi nusu tu ya mistari, na kipimo ambacho kingechukua dakika 5 huweza kufika dakika 10 au 15. Mgonjwa akisinzia na pumzi yake ikabadili kituo, huenda kipimo kisimalizike.

Namna ya pili ni kusahihisha. Hesabu ya Fourier ina sifa moja njema: kitu kikisogea bila kubadili umbo, ukubwa wa mawimbi katika jedwali haubadiliki, kinachobadilika ni mahali kila wimbi linapoanzia, tena kwa kiasi kinachojulikana. Kwa hiyo kiungo kikijulikana kuwa kimeshuka milimita 6, mstari uliokusanywa wakati huo huweza kurudishwa kwa hesabu, kana kwamba kiungo hakikusogea. Lakini kinachopimwa ni kiwambo, na kinachotakiwa ni moyo. Mwaka 1995 uchunguzi wa Yi Wang, Stephen Riederer na Ehman ulionyesha kwamba mwendo wa moyo ni kama sehemu 0.6 ya mwendo wa kiwambo. Kwa hiyo kiwambo kikishuka milimita 10, moyo hushuka kama milimita 6. Kadirio hilo lilitumika sana, ingawa watu hutofautiana, na hata sehemu za moyo mmoja hazisogei kwa usawa. Tena moyo haushuki tu kama ndoo kisimani: hugeuka na kujinyoosha. Sahihisho la kushusha na kupandisha peke yake, basi, huondoa sehemu kubwa ya kosa, si kosa lote.

Haraka na upungufu wa ushahidi

Wakati hayo yakifanyika, wengine walishika njia nyingine: kupunguza idadi ya mistari inayokusanywa. Mwaka 1997 Daniel Sodickson na Warren Manning wa Boston, na mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake wa Zürich, walionyesha jinsi vipokezi vingi vinavyoweza kusaidiana. Kila kipokezi husikia vizuri zaidi sehemu ya mwili iliyo karibu nacho. Kwa kulinganisha vilivyosikia vyote, mistari iliyorukwa huweza kufidiwa. Mwaka 2006 Emmanuel Candès, Justin Romberg na Terence Tao kwa upande mmoja, na David Donoho kwa upande mwingine, walitoa hesabu iliyothibitisha kwamba kitu chenye utaratibu ndani yake huweza kurejeshwa kikamilifu kutokana na vipimo vichache kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2007 Michael Lustig, Donoho na John Pauly waliitumia hesabu hiyo katika MRI.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili ya kale hatapata tabu kulielewa jambo hili. Katika hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi moja mara nyingi ilibeba sauti zaidi ya moja: "bata" na "pata" huweza kuandikwa sawasawa, na n iliyo mbele ya konsonanti nyingine aghalabu haikuandikwa. Hata hivyo hati hizo husomwa, kwa kuwa lugha ina utaratibu wake, sentensi ina maana yake, na katika ushairi vina na mizani hubana hiari ya msomaji. Kinachokosekana katika wino hufidiwa na kilichomo katika ujuzi. Ndivyo ilivyo katika picha za moyo zinazofuatana: ukuta wa kifua, mgongo na ini havibadiliki kati ya picha moja na nyingine, na kinachobadilika ni moyo peke yake. Mashine ikijua kwamba sehemu kubwa ya habari ni marudio, haina haja ya kuzikusanya upya zote. Mistari 144 ya mfano uliotangulia yaweza kupunguzwa hadi robo, yaani 36, na sekunde 10 zikawa sekunde 2.5.

Lakini hapo ndipo pumzi inaporudi kudai haki yake. Ufidiaji huu unategemea sharti kwamba kilichotulia kimetulia kweli. Mgonjwa akipumua, ukuta wa kifua hupanda, ini hushuka, na moyo huhama. Kila kitu hubadilika kutoka picha moja hadi nyingine, na yale marudio yaliyotegemewa hayapo tena. Vipokezi navyo huathirika, kwani ramani ya usikivu wao hupimwa kifua kikiwa katika hali moja na hutumika kikiwa katika hali nyingine. Ni kama msomaji aliyepewa hati mbovu ya kurasa za nakala mbili zilizochanganyika: ujuzi wa lugha haumfai tena, kwa sababu utaratibu aliouegemea umevunjika. Kwa hiyo haraka haikuondoa haja ya kusahihisha mwendo. Badala yake imeizidisha. Picha iliyokusanywa kwa ukamilifu ikiingiliwa na mwendo hupata ukungu. Picha iliyokusanywa kwa uchache ikiingiliwa na mwendo huweza kupotoka kabisa.

Mfano ulio wazi ni kipimo cha mtiririko wa damu katika nyama ya moyo. Dawa yenye madini ya gadolini hudungwa katika mshipa, na mashine hupiga picha za vipande vichache, kwa kawaida vitatu, katika kila pigo, ili kuona dawa ikiingia katika nyama ya moyo. Sehemu isiyopata damu ya kutosha hubaki nyeusi kwa muda kuliko jirani zake. Dawa hupita mara moja tu, na mapigo yatakiwayo ni kama 40 hadi 60. Kwa moyo upigao mara 72 kwa dakika, mapigo 60 ni sekunde 50; hakuna mgonjwa wa moyo wa kuagizwa azuie pumzi muda huo. Zaidi ya hayo, mara nyingi hutiwa adenosini ili kuifungua mishipa, nayo humfanya mgonjwa ahisi kubanwa pumzi. Hapa haraka ni lazima na pumzi haizuiliki. Ama mwendo usahihishwe, ama kipimo kipotee.

Yai na kuku

Njia ya kwanza iliyo nyepesi ni kujenga kila picha peke yake, kisha kuzipanga moja juu ya nyingine ili moyo ukae mahali pamoja. Lakini ikiwa ujenzi wenyewe ulitumia habari za picha jirani, kosa limekwisha kuingia kabla ya kupanga. Ilitakiwa mwendo uingizwe ndani ya hesabu ya ujenzi, si kuongezwa mwishoni.

Mwaka 2005 Philip Batchelor na wenzake, waliokuwa London, walionyesha jinsi mwendo wa namna yoyote, hata wa kujinyoosha na kujikunja, unavyoweza kuandikwa kama sehemu ya hesabu hiyo. Hesabu haiulizi tena, "Ni picha gani iliyotoa mistari hii?" bali, "Ni picha gani moja ambayo, ikisogezwa hivi kwa pumzi ya kwanza na vile kwa pumzi ya pili, ingetoa mistari yote hii?" Swali hilo la pili lina jibu hata mgonjwa akipumua atakavyo, ila linadai mwendo ujulikane kwanza. Na ili mwendo ujulikane, zatakiwa picha. Na ili picha zipatikane, watakiwa mwendo. Ni lile fumbo la yai na kuku.

Fumbo hilo hufunguliwa kwa kwenda na kurudi. Mistari hupangwa katika makundi kwa kufuata hali ya pumzi, pengine manne au matano, kutoka kifua kilichojaa hadi kilicho tupu. Kila kundi hutoa picha hafifu, isiyofaa kwa tabibu lakini ionyeshayo moyo ulipo. Picha hizo hulinganishwa, na mwendo kati yake hukadiriwa nukta kwa nukta. Kisha mistari yote hutumika pamoja, ikiunganishwa na mwendo huo, kujenga picha moja iliyo safi. Na picha hiyo huweza kutumika kuukadiria mwendo upya kwa usahihi zaidi. Mwaka 2013 Muhammad Usman na wenzake wa King's College London walitoa njia ya kuunganisha sahihisho la mwendo na ukusanyaji wa mistari michache kwa picha za moyo wa mtu apumuaye huru.

Wengine walikataa kusahihisha, wakachagua kupanga. Mwaka 2016 Li Feng na wenzake wa New York walieleza njia ambayo mistari hukusanywa kama miali ya gurudumu, kila mwali ukiachana na uliotangulia kwa nyuzi 111.25, ili miali yoyote inayofuatana ieneze habari zake kwa usawa. Kitovu cha gurudumu hupimwa katika kila mwali, nacho hutoa habari za pumzi bila bildi ya kando. Kisha picha hujengwa katika pande mbili za wakati: upande mmoja ni hatua za pigo la moyo, na upande wa pili ni hatua za pumzi. Pumzi hapa haifutwi; hupewa mahali pake katika jedwali, na tabibu akitaka huweza kuutazama moyo katika hali yoyote ya kifua.

Hatari ya msomaji ajuaye mno

Pamoja na mafanikio hayo yapo mambo ya kuhofiwa. Kila ufidiaji ni ukisiaji wenye masharti, na kila sahihisho la mwendo laweza kukosea. Mwendo ukikadiriwa vibaya, nyama ya moyo iliyo nyembamba huweza kunyooshwa ionekane nene, au doa jeusi lililo dalili ya mshipa uliozibwa likasambazwa likafifia. Na kosa la namna hii ni baya kuliko ukungu, kwa sababu ukungu hujitangaza wenyewe: tabibu aonapo picha chafu hujua kwamba hajui. Picha safi iliyo ya uongo haina wa kuionya.

Hofu hii imezidi tangu programu za kompyuta zinazojifunza kwa mifano zilipoanza kutumika katika kujenga picha. Programu hizo hufunzwa kwa picha nyingi za mioyo, kisha hufidia upungufu kwa kasi kubwa. Ziko kama msomaji wa hati aliyesoma tenzi mia. Atazisoma kwa wepesi beti ambazo mwingine atazikwama. Lakini msomaji huyo ana udhaifu wake unaojulikana: akikutana na neno la nadra, huelekea kusoma neno alilolizoea. Wahariri wa tenzi wanajua ni mara ngapi neno la asili la mshairi limefunikwa na neno la kawaida la mnakili. Katika shairi hasara ni ya maana na uzuri. Katika moyo, lile neno la nadra ndilo ugonjwa wenyewe. Ndiyo sababu njia mpya hulinganishwa na picha zilizopigwa kwa kuzuia pumzi, kwa watu wawezao kuizuia, kabla ya kuaminiwa kwa wale wasioweza. Na hata hapo hubaki swali la kama mgonjwa mahututi anafanana na mtu mzima wa afya aliyetumika katika majaribio.

Kwa Afrika Mashariki swali hili si la mbali. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, aliyekuwa akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa unaofanya utando wa ndani wa moyo kuwa kovu gumu, hata vyumba vya moyo vishindwe kutanuka. MRI, kwa kutumia ile dawa ya gadolini, huweza kuuonyesha utando huo wa kovu bila kukata kipande cha nyama. Lakini mgonjwa wa maradhi haya mara nyingi huja tumbo limejaa maji na pumzi ikiwa fupi. Kumwambia mtu huyo azuie pumzi mara kumi na zaidi ni kumtaka asichoweza. Picha ya haraka iliyosahihishwa vizuri yaweza kumpatia jibu. Iliyosahihishwa vibaya yaweza kuufuta utando wa milimita chache ambao ndio ugonjwa wake.

Kuhusu istilahi

Mwisho, yafaa kutaja maneno machache ambayo Kiswahili kinaweza kuyatumia katika elimu hii. Neno kiwambo halihitaji msaada: limetokana na kuwamba, kama ngozi iwambwavyo juu ya ngoma, nalo laeleza umbo na kazi kwa pamoja. Kwa mwangwi unaotangulia kupima, rubani lafaa kama jina la kitendaji, na bildi kama jina la kipimo. Kwa kazi ya kuondoa athari ya mwendo kuna vitenzi vitatu ambavyo yafaa visichanganywe. Kuchuja ni kutupa mistari isiyotakiwa, kilichobaki hakijaguswa. Kusahihisha ni kuurudisha mstari mahali pake kwa mwendo uliopimwa. Kufidia ni kujaza kisichopimwa kwa kutegemea utaratibu unaojulikana.

Tofauti hizo tatu si za mapambo. Tabibu asomaye taarifa ya picha anahitaji kujua ni sehemu gani ya alichokiona ilipimwa, ipi ilirudishwa mahali pake, na ipi ilikisiwa, kwani imani anayostahili kuiweka katika kila moja si sawa. Lugha itakayoyatenga mambo hayo kwa maneno yaliyo wazi itakuwa imemsaidia kuamua, na itakuwa imemlinda mgonjwa aliyelala ndani ya sumaku, akipumua kadiri awezavyo.